Kichupa Pembeni ya Mgonjwa

Mimi si mtu wa kuweka mambo moyoni, lakini asubuhi ile sijaisahau hadi leo.

Nilikuwa zamu kwenye kituo cha afya upande wa Temeke. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliletwa na mwanawe, moyo unamwenda mbio, mapigo mia na tisini kwa dakika. Akili zake zilikuwa timamu. Hata shikamoo yangu aliiitikia vizuri. Mwanawe tukamwambia asubiri nje. Daktari akaangalia mchoro wa moyo, akaagiza adenosini, dawa ya kuutuliza.

Trei yetu ya dharura nilikuwa naijua kwa vidole. Adenosini tundu la kwanza, adrenalini la pili. Hatukuwa tukitazama, tulikuwa tukichomoa tu, na wepesi huo tulijivunia. Kumbe jana yake, nikiwa mapumziko, wenzangu waliipanga upya kwa ajili ya wakaguzi.

Nikachomoa, nikavunja kichupa, nikavuta dawa. Utaratibu wetu ni kusoma jina kwa sauti, mwenzako aitikie. Nikakitazama kichupa kwa macho yangu haya haya, nikasoma, "Adenosini." Muuguzi mwenzangu, aliyeshika mkono wa mgonjwa, akajibu "Sawa" bila kugeuka.

Nikaunganisha bomba la sindano kwenye kanula, kile kijibomba cha mshipani mwake. Mwalimu akaokota kichupa kitupu nilichokiacha pembeni yake, akakisogeza mbali na macho ili asome.

"Mwanangu, hapa pameandikwa adrenalini. Wewe umesoma nyingine."

Nikasimamisha mkono. Adrenalini inauchapa moyo uende mbio zaidi, na kidole gumba changu kilikuwa kimeshagusa bomba. Ningemuua mama wa watu, tena kwa kujiamini. Nikakitazama tena kile kichupa. Maandishi yalikuwa meusi, safi, hayajafutika hata kidogo. Nilikuwa nimesoma nini basi?

Nikachomoa bomba. Dawa sahihi mwenzangu aliisoma mwenyewe, mara mbili. Tulipoisukuma, mstari kwenye mashine ya kupimia moyo ulinyooka sekunde chache, ndivyo dawa hiyo ilivyo, kisha mapigo yakarudi, themanini na nne.

Mwanawe akaruhusiwa kuingia. Akanishika mikono yote miwili.

"Sista, umeniokolea mama. Sie tulishakata tamaa."

Mwalimu alinitazama. Aliniachia niseme mwenyewe.

Nikasema, "Tumshukuru Mungu," nikatoka.