Siku Niliyopitisha Pikapu kwa Mama Mdogo

Mimi si mtu wa kusimuliwa magari. Nina diploma ya ufundi wa magari kutoka Marekani, niliyoisomea huku nikiosha magari ya matajiri kwenye baridi ya kukata masikio, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono. Niliporudi Kisii nilijenga nyumba ya vigae vyekundu kijijini kwetu, upande wa Itumbe, nikaanza kutengeneza video za kuchambua magari kwa Kiswahili. Wanaonifuata mtandaoni wangejaza uwanja wa mpira. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba aliyefanya ninayoyaeleza hapa hakuwa mjinga wa magari. Alikuwa mtaalamu.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini Kisii aliingiza magari matatu ya kampuni moja ya Marekani inayowatengenezea watu wenye nafasi: saluni, SUV na pikapu. Usukani wa yote ulikuwa umehamishiwa kulia. Aliniachia niyaendeshe wiki nzima na kusema ukweli wangu mbele ya kamera.

Saluni niliipeleka Keroka. Kiti chake kinakupokea kama mgeni wa heshima na injini haisikiki, lakini tumbo lake lilikwaruza tuta mbele ya wauza ndizi, na mama mmoja akapiga kelele, "Mwambieni anyanyue nguo, anaburuza!" Niliipa alama saba kwa kumi. SUV niliipeleka Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya kuchonga. Nilifunga vioo ili watazamaji wasikie ukimya wa ndani, patasi na nyundo zikanyamaza zote. Nilipofungua, mchongaji mmoja mweupe kwa vumbi aliniuliza, "Kwa hivyo ukifunga hiyo kioo, sisi hatuko?" Tulicheka. Niliipa alama nane.

Pikapu niliiweka ya mwisho kwa sababu nilikuwa nimeipangia picha moja tu: isimame mbele ya nyumba yangu, pua yake ikielekea vigae vyekundu.

Tatizo lilikuwa njia. Kutoka barabara ya udongo ya murram hadi kwangu kuna kijia kinachoteremka kati ya ua wa jirani na chai ya mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba. Gari langu dogo huwa naliacha juu barabarani. Matofali ya nyumba yangu, saruji, hata bafu la kauri, vyote vilishuka kwa mabega ya watu na pikipiki. Hakuna gari lililowahi kupita pale.

Mama mdogo alikuwa kwenye mstari wa chai wa kando ya njia, kikapu mgongoni. Huo ndio mstari pekee aliokuwa bado akiuchuma mwenyewe. Shamba lake lililobaki liko kwenye mteremko, na goti lake lilikwisha kukataa mteremko. Binti yake anayeishi Nakuru alikuwa amemwambia mbele yetu sote: siku utakayoshindwa kujichumia chai, nakuja kukuchukua. Mama mdogo alijibu kwamba Nakuru hakuna mtu anayejua jina lake. Kwa hiyo kila asubuhi, isipokuwa Sabato, alichuma mstari ule na kutuma majani kwenye kituo cha kununulia chai, watu wamwone bado yuko.

Nilisimamisha pikapu juu barabarani, nikateremsha kioo. Ndugu yangu mdogo alikuwa ameketi kando yangu akishika simu ya kurekodia.

"Hii ni gari au ni nyumba?" mama mdogo aliuliza kwa Kigusii. "Jikoni ni wapi, niingie niwapikie?"

"Ni gari, mama mdogo. Naomba nipite."

"Pita, mwanangu. Nani amekukataza njia? Ngoja niende nikuwekee chai."

Akaingia ndani kwake, kando ya kile kijia.

Nimelichambua neno lile, "pita," kuliko nilivyowahi kuchambua gari lolote. Kwetu mtu akiomba kupita, anapita kwa miguu. Aliniona nimesimama barabarani, akajua nitaacha gari pale kama siku zote. Mimi, baada ya miaka ya Marekani ambako njia ni ya magari, nilisikia ruhusa. Na hata hilo si kweli yote. Kabla ya kukanyaga mafuta nilimtazama ndugu yangu, naye akasema, "Haitoshi, kaka." Nilijua haitoshi. Nikasema, "Hii haijui kutotosha. Rekodi."

Magurudumu ya kushoto yalipanda mstari wa chai. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa laini, na pikapu ile ni nzito kama dhambi. Katikati ilikwama. Nilitia nguvu magurudumu yote manne, mashina yakang'oka na mizizi yake ikaruka hadi kwenye kioo cha nyuma. Ilipita. Kwenye video nasikika nikicheka na kusema kwamba mashine hii haiombi njia, inajitengenezea. Niliipa alama tisa.

Mama mdogo alitoka na kikombe cha chai mkononi. Alitazama mashina ambayo mumewe aliyapanda, kisha akaja hadi dirishani akanipa kile kikombe.

"Kunywa kabla hakijapoa," alisema.

Nilikunywa.

Kesho yake nilileta miche, bora kabisa. Aliishika majani, akaisifu. "Panda, mwanangu. Atachuma atakayekuwepo." Kila mtu kwetu anajua mche wa chai unakula miaka kabla haujatoa kikapu. Nilitafuta kijana wa kumchumia kule mteremkoni. Mama mdogo alimshukuru, akaketi kwenye kigoda, akamtazama akichuma. Majani yalikwenda kituoni kwa jina lake, lakini yeye hakuonekana tena njiani na kikapu. Habari hiyo haikuhitaji mtandao kufika Nakuru.

Binti yake alikuja Jumapili. Gari lake ni dogo, la kawaida, na liliteremka kwenye kile kijia bila shida yoyote hadi mlangoni. Nilisaidia kubeba sanduku, godoro na kuku wawili waliofungwa miguu. Kila nilipopita nilisema moyoni kwamba safari hii nitamwambia binti yake ni mimi niliyeung'oa ule mstari. Kumbe mama mdogo alikuwa amenitangulia: alimweleza binti yake kwamba goti limezidi, kwamba ule mstari ulikuwa umezeeka, na kwamba ni yeye aliyetaka ung'olewe.

"Kaka, asante sana," binti yake aliniambia, akinishika mkono kwa mikono miwili. "Umetupanulia njia. Vinginevyo mama angetembea hadi juu na hilo goti."

Nina diploma. Nimezungumza mbele ya Wazungu bila kutetemeka. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni, "Karibu, dada."

Mama mdogo alikuwa ameketi mbele garini, dirisha wazi, na alisikia. Hakuinua macho. Alikuwa akivuta mkanda wa kiti, ambao hakuuzoea, akitafuta mahali pa kuuchomeka. Niliinama nikamfungia.