Bernadeta alivyojifunzia bahari kwenye lindi la ukoo

Saa moja kasoro asubuhi, Bernadeta Lukasi amesimama ndani ya maji yanayomfika kifuani. Ukingoni wageni sita kutoka Ulaya wamejipanga wakitetemeka.

Maji haya ya Mlali, mkoani Morogoro, yanashuka kutoka juu Uluguru, ambako ukungu bado haujaondoka, na ubaridi wake hauna huruma. Bernadeta hatetemeki. Mkono mmoja umeshika miwani ya kuzamia, mwingine mrija wa kupumulia.

"Pumua kwa mdomo," anawaambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Pua isahauni. Leo pua haina kazi."

Mgeni mmoja, baba wa miraba minne, anaingia, anatumbukiza uso, anakohoa, anainuka mwekundu kama nyanya za Mgeta. Bernadeta anamshika bega na kumrudisha majini kabla hajapata nafasi ya kujitetea. Mara ya tatu anatulia, anaelea, na kidole gumba kinachomoza juu ya maji.

"Huyu bahari ataiweza," anasema Bernadeta.

Bahari watakayozamia iko karibu kilomita mia tano kwa barabara kutoka hapa. Wageni hawa watakaa siku tatu milimani, kisha watasafiri hadi Kilwa, ambako watazamia kwenye matumbawe na kutembelea magofu ya Kilwa Kisiwani. Safari nzima ni siku nane. Anayewaongoza kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho ni huyu mama wa miaka thelathini na minane, aliyezaliwa mlimani na ambaye hadi mwaka 2001 hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyompita magoti.

Bernadeta alimaliza darasa la saba Mlali. Akiwa na miaka ishirini alipata kazi ya kushona katika kiwanda kimoja cha mjini Morogoro. Mwaka 1995 kiwanda kiliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa.

"Tulisomewa majina uwanjani," anakumbuka. "Langu lilikuwa la kumi na nne. Nguo niliyokuwa naishona niliiacha kwenye mashine, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado."

Alirudi Mlali na watoto wawili, akalima kabichi na karoti. Ulikuwa wakati wa soko huria, kila mtu anafungua duka, kioski au kampuni, na mjini alikuwapo bwana mmoja aitwaye Mansuri aliyefungua kampuni ya kutembeza watalii. Mali ya kampuni ilikuwa Land Rover moja kuukuu na saini yake mwenyewe. Alimchukua Bernadeta kubeba mizigo ya wageni mlimani, baadaye kuwapikia. Malipo yalikuwa shilingi 1,500 kwa siku.

Wazo la Kilwa lilizaliwa jikoni, penye mafiga matatu. Septemba 2001, mwalimu mmoja mstaafu kutoka Uholanzi alikaa karibu na moto akisubiri chai, akamwonyesha mpishi wake kijitabu cha safari aliyoifanya mwaka uliotangulia huko visiwa vya Karibi. Kwa wiki moja alikuwa amezamia kwa miwani na mrija kutazama samaki, kisha akapelekwa bara kupanda majengo ya mawe ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati.

"Nikamwambia, mbona na sisi tunavyo vyote?" anasema Bernadeta. "Bahari tunayo. Magofu yapo Kilwa, niliyasoma shuleni. Na juu yake tuna mlima, ambao wenzetu hao hawakuuweka kwenye kijitabu."

Mansuri alicheka aliposikia. Aliacha kucheka mwalimu yule alipoahidi kuleta marafiki wanane Julai inayofuata, kwa sharti kwamba kiongozi awe mpishi mwenye wazo.

"Wazo lilikuwa lake, siwezi kumwibia," anasema Mansuri ofisini kwake. "Lakini nilimuuliza, dada Bernadeta, mgeni akizidiwa majini utamwokoa kwa mwiko?"

Wakakubaliana. Kilwa kulikuwa na mtihani wanaopewa wanaotaka kuongoza wageni majini: kuogelea mita mia mbili bila kupumzika, na kuokota jiwe kwenye kina cha urefu wa watu wawili. Bernadeta akifaulu kabla ya Juni kwisha, safari ni yake. Asipofaulu, wageni wangekabidhiwa kijana mmoja wa Dar es Salaam, na yeye angebaki na masufuria yake.

Mwalimu aliporudi kwao alimwachia zawadi: miwani yake na mrija.

Sasa ajifunzie wapi? Bwawa la hoteli moja mjini lilikuwa halina maji, limeota majani. Mito ya Mlali mingi unaivuka umeshika viatu mkononi. Maji ya kutosha yalikuwa sehemu moja tu, chini ya mwamba, ambapo mto unaingia kwenye lindi, shimo refu la maji, na kutulia. Wenyeji wanaliita Lindi la Bibi.

Lindi hilo ni la ukoo wa mama yake Bernadeta, na kwa Waluguru ukoo wa mama ndio ukoo. Hapo ndipo wazee huchota maji ya tambiko mvua ikichelewa. Mtu wa ukoo haingii. Mwangalizi wake ni mjomba wake, Mzee Fidelis, ambaye Jumapili huimba besi katika kwaya ya kanisa na siku zilizobaki hulinda lindi.

"Nilikwenda na sukari kilo mbili," anasema Bernadeta. "Nikapiga goti, shikamoo mjomba. Akaitikia marahaba. Nikaeleza. Akanirudishia sukari yangu."

Mzee Fidelis haoni haya kusimulia upande wake. "Ningesema ndiyo, halafu mvua ikatae? Watu wa Mlali wote ni wakulima. Wangemuuliza nani? Mpwa wangu wa kitalii?"

Miezi miwili ilipotea. Bernadeta anasema alikuwa akipita karibu na lindi na kulitazama kama mtu mwenye njaa anayetazama chakula cha jirani. Ndipo habari zilipomfikia Pili Kondo.

Pili ni mfanyabiashara wa nyanya, mkazi wa Mafiga mjini Morogoro, na hadi leo anapita Mlali kila wiki kununua mzigo. Ukoo wake na ukoo wa Bernadeta ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ndiye anayeingia msibani kwenu akiwakejeli wafiwa na kuvaa kofia ya marehemu, na hakuna wa kukasirika. Mtani pia ndiye anayesafisha penye mwiko, akivunja yeye, kisha akalipwa kuku wake na mambo yakaisha.

Jumamosi moja ya Desemba, saa nne asubuhi, mbele ya akina mama waliokuwa wakifua huko chini, Pili alijitosa Lindi la Bibi na kanga zake.

"Sikujua kuogelea hata kidogo!" anasema akicheka hadi anashika kiuno. "Nilifikiri ni kuingia na kutoka. Kumbe maji hayana mahali pa kukanyaga. Nikashika mzizi nikaanza kupiga kelele, na nikiwa napiga kelele nawatukana ukoo mzima wasije wakafikiri naomba msaada."

Alivutwa kwa mti wa kuanikia nguo. Alikwenda moja kwa moja, maji yakimchuruzika, akaketi mlangoni kwa Mzee Fidelis na kudai jogoo wake kwa kazi ya kuwaoshea lindi.

"Walikuwa wanifukuze vipi?" anauliza Pili. "Mimi ndiye ninayewazika."

Mzee Fidelis anasema alifungua mlango. Alimtazama mtani aliyelowa kama kifaranga, akajaribu kukasirika, ikashindikana. Akaenda bandani mwenyewe akamkamata jogoo. Jioni ile alituma mtu kwa Bernadeta: lindi limeingiliwa, mtani kalipwa, aingie.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho yake alfajiri Bernadeta alikuwa ukingoni na miwani ya Mholanzi, amejaa hofu.

"Nilipotia uso ndani, nikaona chini," anasema. "Mawe. Kaa wadogo. Visamaki vya ukubwa wa kidole. Nikagundua kumbe hofu yangu haikuwa maji, ilikuwa kutojua chini kuna nini. Nililia humohumo ndani ya miwani."

Hivyo alijua kuzamia kabla hajajua kuogelea. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, alielea, akapiga miguu, akaongeza mikono. Mwezi Februari alikuwa akivuka lindi na kurudi. Hata hivyo macho yake yalikuwa juu kuliko chini, kwa sababu mvua ikikosekana angebeba yeye lawama, na mjomba wake pia.

Masika ilifika wiki yake ileile, na ilinyesha kwelikweli. Mto ulifurika, wiki tatu hakuweza kuingia. Mzee Fidelis alimpelekea maboga mawili makubwa.

Juni 22, 2002, Bernadeta alisimama kwenye maji ya Kilwa pamoja na vijana wawili wa pwani waliokuja kufanya mtihani uleule.

"Maji ya kwetu hayakubebi, usipojitahidi unakwenda chini," anasema. "Ya bahari yalinipokea kama godoro. Nikasema, haya ndiyo mlikuwa mnanitishia?"

Aliwaacha vijana wale nyuma. Kazi ikawa kwenye jiwe, maana chumvi iliyombeba ilikataa kumwachia azame. Mara ya kwanza alitoka mikono mitupu. Mara ya pili alipiga miguu kwa hasira za miezi yote ile, akatoka amelikumbatia.

"Mama, wewe umezaliwa pwani gani?" msimamizi alimuuliza.

"Pwani ya Mlali," akajibu.

Mwezi uliofuata aliongoza safari ya kwanza. Daraja la Rufiji lilikuwa bado halijafunguliwa, wakasubiri kivuko kwa saa sita, naye akawapikia wageni ugali na kisamvu palepale kwenye foleni. Kilwa Kisiwani, mwenyeji wa kisiwa aliwaonyesha bwawa la kuogea la sultani lenye pembe nane, kwenye magofu ya Husuni Kubwa. Bernadeta aliwaeleza kwamba hata mlimani kwao maji huwa na mwenyewe, ila hajui mtani wa sultani alikuwa nani.

Tangu hapo ameongoza misafara kumi na mmoja. Kwa kila mmoja hulipwa shilingi 160,000, wakati mshahara wake wa mwisho kiwandani ulikuwa 17,500 kwa mwezi. Wageni wote huanzia kwenye lindi, na Pili hulipwa jogoo mmoja kila msimu, kwa kuwa anadai maji bado ni ya kuoshwa.

Mwaka jana, msafara ulipokwisha kupita, Mzee Fidelis alikuja ukingoni na fimbo yake na kumwambia mpwa wake, "Nipe hiyo miwani." Akavua shati. Bernadeta akamshika kiunoni, mzee akatia uso majini, akakaa humo hadi mpwa akaanza kuogopa.

"Tumelilinda lindi hili sisi, na wajomba wa mama zetu, na waliowatangulia," anasema mzee huyo wa miaka sabini na mitatu. "Hakuna aliyewahi kuona chini. Kumbe ni pazuri! Nilikasirika kidogo kwamba nimechelewa."

Safari ya Septemba hii ina wageni saba wanaolipa. Nafasi ya nane Bernadeta ameilipia mwenyewe, na jina alilolijaza ni la Mzee Fidelis, ambaye hajawahi kuiona bahari.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza mzee kama haogopi.

"Niogope nini? Maji haya nimeyalinda maisha yangu yote, na kila siku yananipita yanakwenda zake. Nakwenda kuona yanakokaa."

Bernadeta anacheka, kisha anageuka pembeni na kufuta macho kwa kiganja.

"Nimeshamshonea kaptura," anasema. "Nitamshika mkono mwenyewe mpaka kwenye matumbawe."