Tundu Juu ya Lango

Zahiya alizaliwa ndani ya ngome, na kwake yeye hakuna nyumba iliyowahi kuishinda ile. Ukuta ulikuwa mnene, ng'ombe angeweza kulala ndani yake na mkia usionekane. Kwenye mwanya wa wapiga mishale mama yake alianika vitunguu saumu, na handakini walifuga kuku. Njia ya lango ilipindwa gizani makusudi ili adui apotee. Watoto wa mle waliipita mbio macho wamefumba, wageni ndio waliogonga vichwa.

Juu ya kona ya mwisho palikuwa na tundu. Watu wa vita walilitoboa ili wamwage mafuta ya moto. Wanakijiji walioishi mle baadaye walilipatia kazi nyingine. Siku ya harusi bibi harusi alitolewa nje, akarudishwa kwa lango lile, na mama yake akammwagia maji ya waridi na ngano kutoka juu. Asiyemwagiwa walisema hajaolewa, ameazimwa tu.

Zahiya alikuwa ameshachumbiwa na Nawfal wakati serikali ilipowahamisha wote, ngome ibaki ya watalii. Akaolewa bondeni, nyumba ya mlango wa kawaida. Mama yake alilia kuliko yeye. Mama mkwe naye hakumwacha apumue. Mkate ukiungua: "Ndiyo mambo ya bibi harusi mkavu." Mimba ikichelewa, ni ule ukavu. Hata Nawfal, Mungu amrehemu, akitaka kumchokoza alimwita mke wa kuazima. Zahiya alicheka naye, lakini ilimuuma, ikamuuma mpaka uzeeni.

Basi mjukuu wake Rima alipochumbiwa, bibi akang'ang'ania: huyu lazima apite langoni. Ghattas, mlinzi wa ngome, akakataa.

"Bi Zahiya, mawe yakiharibika mimi nafukuzwa kazi."

"Yamekula mafuta ya moto, leo yaharibiwe na waridi? Baba yako kazaliwa kwenye zizi la farasi mle ndani. Usijifanye mgeni hapa."

Ghattas akacheka mwenyewe, akatoa funguo.

Siku ya harusi walimkokota Zahiya hadi juu, akapiga magoti penye tundu, akamwaga maji. Chini Rima alicheka kwa sauti, vigelegele vikajaa njia nzima. Zahiya akaridhika. Akateremka polepole, mkono ukutani.

Alipofika kwenye kona, chini ya tundu, akasikia anaitwa kutoka juu. Rima alikuwa amepanda kwa ngazi ya upande wa pili, na shela lake limelowa.

"Bibi, simama hapo hapo."

"Umerukwa na akili, wewe? Mwenye harusi ni wewe."

"Maji yamebaki. Simama."

Zahiya akasimama. Akavua kitambaa cha kichwa, akatazama juu. Maji yakampiga usoni, ya baridi, ngano zikamwingia shingoni. Uso uliomwinamia tunduni, katika giza lile, akauona ni wa mama yake.

"Taratibu, mama," akasema. "Nimefika."