Mbwa na Kitenge cha Harusi

Leo nimefungua chupa ya spiriti kumsafisha mwanangu goti, na harufu ikanirudisha utotoni, kwenye kliniki ya wanyama katika mtaa wa Glenwood, nikiwa nimempakata mbwa wetu aliyegongwa na taksi.

Daktari alitaka malipo kwanza ndipo ampasue. Mama, ambaye kila siku alimfukuza mbwa huyo jikoni kwa mwiko, alitoka. Alirudi na hela ya kuanzia: alikuwa ameuza kitenge kipya alichoshonesha kwa harusi ya dada yake.

"Akikufa huyu," aliniambia, "nitagombana na nani jikoni?"

Jumamosi mama alienda harusini na gauni lililofifia. Mbwa alimsindikiza mpaka getini kwa miguu mitatu, akiburuta bendeji, na mama hakumfukuza.