Kikohozi cha Wiebe

Jirani yangu Geesje Terpstra alikuwa dobi, mwanamke wa maneno machache na mikono iliyobabuka kwa magadi. Baridi ile ya mwaka 1944, hapa Hague, Uholanzi, alimficha mumewe Wiebe chini ya sakafu ya jikoni. Wajerumani walikuwa wakizoa wanaume mitaani kama dagaa, wakawafanye watumwa viwandani kwao. Siri hiyo tuliijua sisi watatu tu.

Tatizo lilikuwa kifua. Shimo lilijaa unyevu, na Wiebe alikohoa. Akianza yeye, Geesje naye alijikohoza haraka ili kumfunika, hadi wapita njia wakawa wanampa pole.

Makombora ya Wajerumani ya kwenda London yalirushwa kutoka msituni, mwisho wa mtaa wetu. Magari ya kuyabeba yakipita tu, kila nyumba ilifungua madirisha, hata kwenye baridi kali, maana vioo vilivyofungwa vilipasuka vyote. Kisha ulikuja mngurumo wa kombora. Kwa dakika nzima usingemsikia hata mtoto anayelia mapajani mwako. Hapo ndipo Wiebe alipokohoa akatosheka.

Mchana mmoja wa Januari nilikuwa kwao, tunakula vitunguu vya maua ya tulipu, maana chakula kingine hakikuwepo.

"Leo wamechelewa, washenzi hao," Wiebe alinong'ona kutoka chini. "Kifua kitanipasuka."

"Vumilia, mume wangu. Magari yameshapita."

"Kumbe hata adui ana faida yake, eh?"

"Nyamaza, we!"

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa askari mlinzi wa Kijerumani, mtu mzima mwenye mvi, anatafuta pa kujikinga.

"Madirisha yako wazi, mama? Vizuri."

Akasimama kando ya jiko, juu ya mbao zilezile zilizomficha Wiebe.

Mngurumo ukaanza. Nyumba ikatikisika, nikamwona Geesje akishusha pumzi. Mara injini ikazimika. Kombora halikuondoka.

Kikohozi cha Wiebe, alichokianza ndani ya mngurumo, kikaendelea. Geesje akajikohoza kwa nguvu, lakini nani awezaye kukohoa kwa sauti mbili?

"Mama, mwambie atoke," askari alisema. "Sitaki kupiga risasi sakafuni."

Akaita wenzake, wakamchukua hivyohivyo, soksi zimelowa. Hatukumwona tena.

Geesje alifunga madirisha moja baada ya jingine.

"Tangu Septemba," akaniambia, "kila wakiwasha kombora namwomba Mungu lishindwe kuruka. Watu wa London nao wana watoto."

Nami nilikuwa nikiomba hivyohivyo.