Mayai Aliyotikisa Mwakio

Siku yangu ya kwanza kulinda viota vya kasa nilifika ufukweni na gambuti za kazini. Mimi mtu wa Mraru, bara, mbali na bahari. Idara ya maji ndiyo iliyonipeleka kisiwani kutengeneza mabomba. Kulinda kasa, mimi na mafundi wenzangu tulijitolea tu, baada ya kazi na Jumapili.

“Vua hizo,” akasema Mwenyekiti wa kikundi, mama mkali, mzaliwa wa pale. “Mchanga wa kiota ni laini, utausikia kwa nyayo.”

Alitufundisha kufuata njia, yaani alama anazoacha kasa akipanda kutaga, na kuogopa bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu. Nami ni mwoga wa kuzaliwa. Kiota kikiwa karibu na maji, chakula hakinishuki.

Asubuhi moja tulikuta kiota chini kabisa, karibu na maji, na bamvua ilikuwa jioni ileile. Ilibidi mayai yahamishwe. Yai la kasa huchukuliwa lilivyolala. Likigeuzwa, kiumbe cha ndani kinaweza kufa. Nilichimba kwa mikono, Mwenyekiti akitia alama ya penseli upande wa juu. Mwenzangu Mwakio wa Wundanyi, fundi kama mimi, alikuwa akiyapanga ndooni. Nilipoinua macho nikamwona ameweka yai sikioni, analitikisa, kama tufanyavyo nyumbani kujua kama yai la kuku ni viza.

“We Mwakio! Unaua!” Mwenyekiti alipiga kelele.

“Pole mama. Ni mazoea tu.”

“Umetikisa mangapi?”

Mwakio akaitazama ndoo. “Matatu. Ama manne. Sijui.”

Wala hakujua ni yapi. Tuliyafukia yote juu, maji yasikofika, tukaanza kungoja. Mwakio alikwenda pale kila jioni, akakaa kama mtu mwenye mgonjwa wodini. Mimi nilihesabu mawingu, kaa, mbwa, kila kitu cha kuniogofya.

Karibu miezi miwili baadaye vitoto vilitoka, vikakimbilia maji. Nililia waziwazi. Kisha Mwenyekiti akafukua kiota kuangalia masalia, kama ilivyo desturi. Mayai manne hayakuwa yameanguliwa.

“Hata kiota kisichoguswa hubakisha,” akamwambia Mwakio kwa upole.



Sasa mimi na Mwakio tumestaafu, tuna duka Voi. Mteja akilitikisa yai sikioni, mimi humnyang'anya, na wateja hunicheka. Gari la mayai likifika, Mwakio husimama nyuma ya kaunta, mikono mfukoni.

“Pokea wewe,” huniambia. “Mimi bado sijui ni yapi.”