Chumvi Iliyomchoma Muramu Wangu

Kosa ni langu, msinitafutie kisingizio. Mimi ndiye mjinga niliyerudi Bujumbura na maneno makubwa na kichwa kitupu!

Nimepita miaka arobaini, shule niliiachia sekondari. Nimezurura Uvira, Kalemie, Likasi. Ah, Likasi ya siku zile! Huko nilifagia maabara moja. Wahandisi waliyeyusha chumvi ya kalsiamu mpaka ikawaka wekundu, wakatumbukiza oksidi ya tantali, wakapitisha umeme; elektrolizi, waliiita. Oksijeni inatoka, metali inabaki. Mimi nilishika ufagio tu, lakini nyumbani nikajiita bingwa wa metali adimu. Bingwa!

Muramu wangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na karakana ya kuchomelea milango kule Cibitoke. Nilimbembeleza tutengeneze metali hiyo, mpaka akanipa tanuri lake, na mashine ya kuchomelea itupe umeme.

Chumvi ikayeyuka kweli. Ilipopungua chunguni, nikachota nyingine kwenye gunia lililokaa wazi tangu asubuhi, na mvua ilikuwa imenyesha.

Muramu akaigusa kwa vidole. "Apana, muramu. Hii chumvi imekunywa maji. Tuikaushe kwanza."

"We mutu wa milango," nikamcheka mbele ya mafundi wenzake, "utanifundisha mi elektrolizi?"

"Sawa, ingénieur. Lakini kule Likasi walikuwa wanaikausha ao apana?"

Walikuwa wanaikausha! Kabati la kukaushia nililifuta vumbi kila siku, wala sikuwahi kuuliza ni la nini. Wenzake walikuwa wameanza kucheka, safari hii wananicheka mimi. Nikaona aibu. Nikamwaga chumvi yote kwa mkupuo.

Maji yakageuka mvuke papo hapo, chungu kikatapika moto. Mimi, shujaa, niliruka nyuma. Yeye alikuwa ameinama kushikilia fimbo ya grafiti iliyopitisha umeme chunguni.

Jicho lake la kulia limekufa. La kushoto linaona vivuli tu. Fundi wa kuchomelea, jamani! Karakana imefungwa, na mke wangu amehamia kwa kaka yake kumuuguza.

Juzi nilikwenda kuomba msamaha. Badala yake nikajikuta namweleza jinsi unyevu unavyogeuka mvuke kwenye chumvi ya moto.

Akageuza uso ukutani. "Muramu, hata leo unanifundisha?"

Nanyi mnaorudi na hadithi za mbali, mnaodharau mafundi wa mtaani, sikieni: aliyeigusa chumvi akikwambia ina maji, weka chini ulichoshika, ufunge mdomo. Mimi sikuufunga hata mbele ya kitanda chake.